Daftari la Kipimo

Saa kumi na mbili na nusu nateremka mtoni
na daftari la Bonde, kalamu imefungwa kamba.
Kazi yangu fupi: nisome ulipofika Malagarasi
kwenye ubao wa kipimo, niandike, nirudi Uvinza.
Mbili nukta moja nne. Tarehe. Sahihi.

Ila kuna aliyeniwahi.
Mwekundu, kiuno chembamba kama uzi wa kufumia,
ametua kwenye msumari wa ubao
akashusha mabawa mbele,
kama mama aliyetua ndoo
na mikono haijajua bado kwamba mzigo umetoka.

Kereng'ende.
Bibi alikuwa na jina lake la Kiha.
Alilitamka mara moja tukipanda mihogo,
nami nikalidondosha hapohapo, tuta la tatu au la nne;
nikirudi leo nitalipata wapi?

Mwaka juzi alikuja mtafiti, Bi Tulinagwe,
wavu begani, buti zimejaa tope.
Siku tisa alikula dagaa wetu na kulala kwetu,
na ndiye aliyeandika pembeni mwa daftari la serikali
Trithemis,
kwa wino, bila kuomba ruhusa,
nikabaki nahesabu wakubwa watakaoniuliza.

"Hawa ni ukoo," akasema. "Baba mmoja, nyumba mbalimbali.
Huyu mwekundu hachagui: mto, bwawa,
hata dimbwi la tairi la lori, anapanga na kuhamia.
Yule wa machungwa, aliyechovya mashina ya mabawa katika asali,
anataka jiwe tupu, jiwe la saa saba mchana,
ambalo wewe hulikanyagi pekupeku.
Wa zambarau hupenda maji yaliyosahau safari.
Na yuko wa bluu, bluu mpaka machoni.
Huyo ni kijito safi, chenye miti yake.
Ukikata, anaondoka.
Haagi."

Siku ya saba tukamfuata wa bluu
juu kabisa, kwenye kijito cha shamba la kwetu.
Alitembea mbele, anainua wavu, anaushusha.
Visiki. Maji rangi ya chai ya maziwa.
Kisha duara jeusi ardhini, majani hayajathubutu kulifunika.
"Tanuru la mkaa," akasema, akaliandika.
Hakuuliza la nani.

Tulilipanga mimi na Butoyi, pacha wangu,
mwaka ule wa bati.
Magunia arobaini na moja.
Usiku tulilala kando yake kwa zamu, tukiziba moshi kwa udongo,
na mvua ya kwanza ilipogonga paa jipya
mama alicheka peke yake gizani, muda mrefu.
Ningemwambiaje Bi Tulinagwe kicheko kile?

Butoyi sasa yuko Tabora, amepanga karibu na stesheni.
Anapiga simu: huku hata maji ni ya kununua, ndugu yangu,
lakini nimezoea.
Anazoea upesi, yule.

Mimi Jumapili hupanda kijitoni.
Sina wavu. Nakaa tu kwenye kisiki.
Mwekundu yupo. Daima yupo.
Wiki iliyopita niliona bluu ikitetemeka kwenye tete,
nikasimama taratibu, pumzi nimeishika,
nikasogea hatua sita:
kipande cha mfuko wa mbolea.
Nilikitoa, nikakitia mfukoni. Nimekaa nacho mpaka leo,
sijui kwa nini.

Bi Tulinagwe alisema watoto wao huishi chini ya maji,
hawana mabawa, wana njaa tu,
miezi na miezi kwenye tope wakingoja siku.
Basi pengine.
Sisemi zaidi ya hapo.

Asubuhi ya leo, ubao.
Gamba tupu limeng'ang'ania mti, limepasuka mgongoni,
na juu yake mwekundu, msumarini, mabawa yameshuka
yakafunika namba niliyotumwa kuisoma.
Nangoja aruke. Haruki.
Nainama mpaka maji yaniguse magoti
na kuisoma kupitia bawa lake:
mbili nukta moja mbili.
Yanapungua.
Naandika. Tarehe. Sahihi.